Zabuni za ujenzi wa umma: Mwongozo kwa mwanakandarasi na mkazi wa Mboghoni

SERIKALI inapotaka kujenga darasa, zahanati, daraja au barabara, hairuhusiwi kumwita fundi inayemjua na kumkabidhi kazi hiyo. Sheria inaitaka itangaze hadharani, ipokee bei kutoka kwa kila anayestahili, kisha imchague mshindi kwa vigezo vilivyojulikana na wote tangu mwanzo. Utaratibu huo ndio unaoitwa zabuni.

Kwa wadi kama Mboghoni, iliyoko katika eneobunge la Taveta, Kaunti ya Taita Taveta, zabuni si jambo la wakubwa wa Nairobi pekee. Ndiyo njia ambayo kijana mwenye kampuni ndogo ya ujenzi anaweza kupata kazi nyumbani kwao. Pia ndipo inapoamuliwa, kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, iwapo zahanati itamalizika au itabaki kuta bila paa.

Makala haya yanaeleza jinsi zabuni hizo zinavyotangazwa, zinavyojazwa, zinavyofunguliwa na zinavyopingwa.

Maana na asili

Kitenzi ‘kuzabuni’ kimetumika tangu zamani kwa maana ya kutaja bei mnadani. Lakini zabuni ya ujenzi ni kinyume cha mnada. Mnadani bei hutajwa kwa sauti na hupanda, naye mshindi ni atoaye zaidi. Katika zabuni ya ujenzi, bei hufungiwa ndani ya bahasha, hakuna ajuaye ya mwenzake, na kwa kawaida mshindi ni aliyeomba fedha chache miongoni mwa waliotimiza masharti yote.

Nchini Kenya, utaratibu huu uliongozwa na kanuni za mwaka 2001 kabla ya Bunge kupitisha sheria kamili mwaka 2005, iliyoanza kutumika Januari 1, 2007. Katiba ya 2010 iliupa uzito zaidi. Kifungu cha 227 kinaamuru kwamba ununuzi wote wa umma ufanywe kwa haki, usawa, uwazi, ushindani na kwa gharama inayofaa.

Sheria ya sasa ni ile ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015, iliyoanza kutumika Januari 7, 2016. Kanuni zake zilitolewa mwaka 2020. Msimamizi mkuu ni Mamlaka ya Kudhibiti Ununuzi wa Umma (PPRA).

Nani hutangaza kazi za Mboghoni

Mwanakandarasi anayesubiri tangazo kutoka afisi moja tu atapitwa na mengi. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, serikali ya kaunti ndiyo yenye jukumu la shule za chekechea, zahanati, vituo vya afya, masoko na barabara za kaunti. Shule za msingi na za upili zimebaki chini ya serikali ya kitaifa. Barabara kuu husimamiwa na Mamlaka ya Barabara Kuu (KeNHA), nazo nyingi za mashambani zimekuwa chini ya Mamlaka ya Barabara za Mashambani (KeRRA).

Ukubwa wa kazi huamua nani anaweza kuiomba. Barabara ya kutoka Mwatate hadi Taveta, yenye urefu wa kilomita 90 hivi, ilipata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika ulioidhinishwa mwaka 2013, pamoja na sehemu ya upande wa Tanzania inayopitia Holili kuelekea Arusha. Kazi ya kiwango hicho hutangazwa kimataifa. Mkandarasi mdogo huifikia kwa mlango wa pembeni, yaani kwa kupewa sehemu ya kazi na kampuni kubwa iliyoshinda.

Kazi za wadi ndizo zinazomfaa zaidi mkandarasi wa nyumbani, ila nazo hutegemea bajeti. Mwaka 2019 Taita Taveta ilishuhudia mvutano mkali kati ya Gavana wa wakati huo, Bw Granton Samboja, na wawakilishi wadi kuhusu fedha za miradi ya wadi katika bajeti ya 2019/2020. Mambo yalifika hadi ya kuandaliwa kwa ombi la kutaka serikali ya kaunti ivunjwe. Somo lake kwa mwanakandarasi ni kwamba bajeti isipopita, zabuni hazitangazwi. Sheria inamkataza afisa mhasibu kuanzisha ununuzi wowote kabla ya kuhakikisha kuwa fedha za kutosha zimetengwa katika bajeti iliyoidhinishwa.

Anayestahili kuomba

Masharti ya msingi ni machache. Mwombaji awe na uwezo wa kisheria wa kuingia katika mkataba, asiwe amefilisika, awe ametimiza wajibu wake wa ushuru, asiwe amepigwa marufuku kushiriki zabuni za umma, na asiwe amepatikana na hatia ya ufisadi.

Kwa kazi za ujenzi, kuna sharti la ziada. Ni lazima mwanakandarasi awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Zamani Wizara ya Ujenzi iliwapanga wanakandarasi kwa herufi, kuanzia A hadi H. NCA huwapanga kwa namba, kuanzia NCA1 ambayo haina kikomo cha thamani ya kazi, hadi NCA8 ambayo ni ya wanaoanza. Aliye katika ngazi ya chini akiomba kazi inayopita kikomo chake hutupwa nje mapema, hata bei yake ikiwa nzuri namna gani.

Fursa maalum

Kuna milango mitatu ambayo wengi mashinani hawaijui.

Wa kwanza ni mpango wa AGPO, uliozinduliwa Oktoba 2013, unaotenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa kampuni za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kampuni husajiliwa na kupewa cheti.

Wa pili ni sharti kwamba angalau asilimia 20 ya ununuzi wa kaunti itengewe wakazi wa kaunti hiyo. Mkazi wa Mboghoni ana haki ya kuuliza ni kazi zipi zilizotengwa hivyo katika mwaka wa fedha unaoendelea.

Wa tatu unahusu dhamana ya zabuni, fedha zinazowekwa kupitia benki au bima kuthibitisha kwamba mwombaji hatajiondoa akishashinda. Sheria inaiwekea kikomo cha asilimia mbili ya thamani ya zabuni kama ilivyokadiriwa na serikali. Kwa mfano, kazi iliyokadiriwa kuwa ya Sh5 milioni haiwezi kudai dhamana inayozidi Sh100,000. Hata hivyo, katika zabuni zilizotengewa makundi maalum, dhamana hiyo haitakiwi kabisa. Mwombaji hutia sahihi fomu ya ahadi tu.

Kujaza hati

Zabuni nyingi hupotea kwenye karatasi kabla ya bei kuangaliwa.

Tathmini huanza na masharti ya lazima: cheti cha usajili wa kampuni, cheti cha NCA, cheti cha kutimiza ushuru, dhamana au fomu ya ahadi, sahihi na mihuri mahali panapotakiwa, na kurasa kupewa namba iwapo hati imetaka hivyo. Katika hatua hii hakuna alama za nusu. Anayekosa moja huondolewa, na bahasha ya bei yake haina maana tena.

Hatua ya pili ni uwezo wa kiufundi: kazi zilizowahi kufanywa, mafundi waliopo, vifaa na hali ya fedha. Bei hulinganishwa mwishoni, miongoni mwa waliosalia.

Bei yenyewe hujazwa katika orodha ya vipimo na gharama, ambayo mafundi huiita BQ. Humo kila kazi imeandikwa kivyake: kuchimba msingi na zege kwa mita za ujazo, kuta, mbao, mabati, rangi. Mwombaji huandika bei ya kila kipimo kisha hujumlisha.

Hapa kuna mitego miwili. Mtego wa kwanza ni hesabu. Kifungu cha 82 cha sheria kinasema kwamba jumla iliyosomwa wakati wa kufungua zabuni ni ya mwisho. Hairekebishwi wala kubadilishwa. Aliyekosea akaandika Sh3.4 milioni badala ya Sh4.3 milioni hawezi kuomba asahihishiwe.

Mtego wa pili ni kunakili bei za mahali pengine. Kutoka Voi hadi mji wa Taveta ni zaidi ya kilomita 100. Saruji, nondo na mabati yakitoka Voi au Mombasa, usafiri huo hulipwa na mtu, na kama haumo katika BQ, mlipaji ni mwanakandarasi mwenyewe. Vivyo hivyo msimu wa mvua. Katika Taveta, ambako Mto Lumi umewahi kuvunja kingo na kufurika mara nyingi, siku ambazo lori haliwezi kufika kazini zina gharama yake.

Anayeweka bei ya chini mno ili ashinde hujitia kitanzi. Sheria hairuhusu bei ya mkataba kuongezwa ndani ya miezi 12 ya kwanza tangu kutiwa sahihi. Baada ya hapo, mabadiliko yote yakijumlishwa hayawezi kupandisha thamani kwa zaidi ya asilimia 25. Mkataba wa Sh4 milioni, kwa hivyo, hauwezi kuvuka Sh5 milioni kwa njia hiyo. Majengo mengi yaliyokwama nchini yalianza na bei isiyoweza kumaliza kazi.

Siku ya kufungua

Saa iliyoandikwa kwenye tangazo haina huruma. Zabuni iliyofika ikiwa imechelewa hurudishwa bila kufunguliwa, hata kama kilichomchelewesha mwenyewe ni matatu iliyoharibika njiani.

Mara tu muda unapokwisha, kamati yenye watu wasiopungua watatu hufungua zabuni zote. Waombaji au wawakilishi wao wana haki ya kuwepo. Jina la kila mwombaji na jumla ya bei yake husomwa kwa sauti. Inafaa kuhudhuria na kuziandika bei zote, kwani daftari hilo laweza kuwa ushahidi baadaye.

Njia ya kuwasilisha nayo imekuwa ikibadilika. Tangu 2018 serikali imekuwa na tovuti ya kuchapisha matangazo na kandarasi zilizotolewa. Mwaka 2025 Hazina ya Kitaifa iliagiza ununuzi wote ufanywe kupitia mfumo wa kielektroniki, agizo lililopingwa mahakamani. Ni busara basi kusoma katika kila tangazo iwapo zabuni hupokewa kwa bahasha au kwa mtandao.

Mshindi na walioshindwa

Tathmini inapaswa kukamilika katika muda usiozidi siku 30. Kisha mshindi na walioshindwa huarifiwa kwa maandishi, na walioshindwa huelezwa sababu.

Barua hiyo isitupwe kwa hasira. Ndani yake mna sababu, na kuanzia hapo saa inahesabu. Anayeamini kwamba sheria ilivunjwa ana siku 14 za kuwasilisha malalamishi kwa Bodi ya Kukagua Malalamishi ya Ununuzi wa Umma, ambayo hutakiwa kuamua katika siku 21. Asiyeridhika huenda Mahakama Kuu katika siku nyingine 14. Kwa sababu hiyo, mkataba hauwezi kutiwa sahihi kabla ya siku 14 kupita tangu barua kutolewa. Kuna ada ya kulipa, hivyo mlalamishi apime kwanza uzito wa hoja zake.

Kula njama kupanga bei, kuwashawishi maafisa au kuwahonga ni makosa. Mtu binafsi akipatikana na hatia chini ya sheria hii anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh4 milioni, kufungwa hadi miaka 10, au yote mawili. Kampuni yaweza kutozwa hadi Sh10 milioni. Pia ni marufuku kuigawanya kazi moja vipande vipande ili kukwepa ushindani.

Nafasi ya mwananchi

Mkazi asiye mjenzi naye ana haki zake. Sheria ya Upataji Habari ya 2016 inamruhusu Mkenya yeyote kuiandikia afisi ya umma akiomba taarifa, nayo afisi hutakiwa kujibu katika siku 21. Anaweza kuuliza maswali manne: nani alipewa kazi, kwa bei gani, itakamilika lini, na BQ inasema nini.

Swali la nne ndilo zito. Jina na bei huandikwa hata kwenye kibao cha mradi. Lakini BQ ndiyo inayosema ni nondo za unene gani, mabati ya geji ipi, na tabaka ngapi za rangi. Mzazi mwenye nakala yake anaweza kusimama kando ya darasa linalojengwa akahesabu mwenyewe.

Na afanye hivyo mapema, kabla ya mhandisi kutia sahihi kwamba kazi imekamilika. Baada ya kukabidhiwa, mwanakandarasi hubaki na wajibu wa kurekebisha kasoro kwa muda uliotajwa katika mkataba, na sehemu ya malipo yake huzuiwa hadi muda huo uishe. Ufa ulioripotiwa kwa maandishi ndani ya kipindi hicho hurekebishwa kwa gharama ya mjenzi. Muda huo ukishapita, gharama humrudia mlipa ushuru.