Bango la Filamu: Alama 10 za Kazi, Alama 20 za Tathmini

Wasomaji, leo nimeweka kodi kando kidogo. Nataka tuzungumzie zoezi ambalo wanafunzi wengi wa usanifu wa picha hulipitia: tengeneza bango la filamu, halafu ulitathmini. Nusu ya kwanza kila mtu huipenda, maana ndipo unapofungua GIMP au Photoshop na kucheza na rangi mpaka usiku. Ile ya pili huandikwa asubuhi ya kukabidhi kazi, nayo mara nyingi haisemi zaidi ya "nilichagua rangi nyekundu kwa sababu ni ya hatari".

Uingereza zoezi hili liliwahi kupewa uzito wa mtihani wa taifa. Bodi ya OCR, katika mtaala wa A Level ulioanza kufundishwa mwaka 2008, iliwataka wanafunzi wa masomo ya vyombo vya habari watoe kitu kimoja kikubwa, kwa mfano trela ya filamu mpya, pamoja na vidogo viwili vya kuandamana nacho, kama vile bango na jalada la jarida. Alama zote zilikuwa 100. Trela ilibeba 40, bango 10, jalada 10, utafiti na mipango 20, na tathmini 20. Hebu rudia hesabu hiyo. Tathmini ilikuwa na thamani mara mbili ya bango lenyewe, ingawa ni kweli iligusa kazi yote.

Tathmini yenyewe ilikuwa maswali manne. Umezifuata, umezikuza au umezivunja vipi kanuni za kazi halisi za aina hiyo? Kazi yako kuu na zile ndogo zinasaidiana kwa kiasi gani? Umejifunza nini kutoka kwa hadhira? Na teknolojia uliitumiaje? Mtaala ule umekwisha kubadilishwa, lakini maswali haya bado utayakuta kwenye miradi ya vyuo vingi, kwa maneno tofauti. Mimi nayapenda. Ila ukitaka kujua kama kipimo ni kizuri, kijaribu kwa kitu ambacho tayari unajua ubora wake. Ndivyo tunavyofanya na programu, sioni kwa nini mabango yaponee.

Basi tuchukue filamu moja, Vertigo ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1958. Inahusu mpelelezi mstaafu anayeogopa kimo, na mwanamke anayetakiwa kumfuatilia. Ina mabango mawili mashuhuri yaliyochorwa na watu wawili katika nchi mbili zenye mifumo miwili ya uchumi.

La kwanza ni la Saul Bass, Mmarekani, la mwaka huohuo wa 1958. Mandhari yote ni rangi ya chungwa iliyokolea. Katikati kuna mzunguko mweupe wa mistari myembamba unaovuta macho ndani kama maji yanayoingia shimoni, na humo anaanguka mwanamume mweusi tii pamoja na mwanamke aliyechorwa kwa mistari tu. Herufi zimekaa kombokombo kana kwamba zimekatwa kwa makasi. Juu kuna majina ya James Stewart, Kim Novak na Hitchcock.

Hapo kwenye mzunguko ndipo mtu wa kompyuta anaposimama. Maumbo ya namna hiyo huitwa mikunjo ya Lissajous, kwa jina la Jules Lissajous, mwanafizikia Mfaransa wa karne ya 19. Unayapata ukiacha mhimili mmoja uyumbe kwa mwendo wake na wa pili kwa mwendo mwingine. Leo ni sine mbili na kitanzi kimoja cha kodi, kazi ya dakika tano. Mwaka 1958 haikuwa hivyo. Kwa mizunguko inayoonekana mwanzoni mwa filamu, Bass alimtumia John Whitney, aliyekuwa amegeuza mtambo wa M5 kuwa chombo cha kuchorea. M5 ilikuwa kompyuta ya mashine na gia, iliyotengenezwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kukokotoa mahali pa kuelekeza mizinga ya kutungulia ndege. Vita vikaisha, mtambo ukaingia kwenye sinema. Sijui kama kuna jibu bora zaidi la swali la nne, lile la teknolojia. Na la pili nalo linajibika papo hapo: mzunguko unaouona barabarani kwenye bango ndio unaokupokea ukumbini filamu inapoanza.

Sasa twende Poland, mwaka 1963. Bango la Roman Cieślewicz la filamu hiyohiyo, iliyoitwa huko Zawrót głowy, yaani kizunguzungu, halina mtu anayeanguka. Halina uso wa James Stewart wala wa Kim Novak. Lina fuvu la kichwa, na juu ya fuvu duara ndani ya duara, kama shabaha ya kulengea. Basi.

Mpe mwalimu mwenye karatasi ya vigezo mabango haya mawili bila majina. Swali la kwanza linauliza kuhusu kanuni: wapi nyota wa filamu, wapi dokezo la hadithi? Cieślewicz anapoteza alama hapo. Lakini kanuni hizo zilitoka wapi? Zilitoka kwenye soko. Hollywood, studio ilihitaji kuuza tiketi na nyota alitaka jina lake lionekane kwa ukubwa fulani. Poland baada ya vita, usambazaji wa filamu ulikuwa wa serikali. Kuanzia mwaka 1946 shirika la Film Polski liliwaagiza wachoraji kama Henryk Tomaszewski na Eryk Lipiński wachore mabango, nao hawakulazimika kunakili picha za studio. Hapakuwa na kampuni pinzani mtaa wa pili, wala wakala wa nyota wa kupiga simu. Udhibiti wa kisiasa ulikuwepo, tena mkali, lakini kwenye sinema kulibaki nafasi ya mchoraji kusema yeye ameona nini. Mwaka 1948 Tomaszewski alipata zawadi tano za kwanza kwenye maonyesho ya kimataifa ya mabango jijini Vienna. Kuanzia 1952 hadi 1985 alifundisha katika Chuo cha Sanaa cha Warsaw, na vijana walitoka nje kumfuata. Pierre Bernard na Gérard Paris-Clavel, waliokuwa miongoni mwa waanzilishi wa kundi la Grapus huko Ufaransa mwaka 1970, walipitia mikononi mwake.

Kwa hiyo swali la kwanza si baya, limekatwa tu mahali pasipofaa. Kabla ya kumwuliza mwanafunzi amefuata kanuni gani, mwulize bango lake linamtumikia nani. Katika kazi yangu tunaita hayo mahitaji ya mteja, na huwezi kuipima programu kabla hujayajua. Hata hivyo nimeona karatasi za vigezo zenye mistari ya rangi, fonti, mpangilio na unadhifu, bila mstari hata mmoja wa mteja.

Swali la tatu, la hadhira, ndilo linalonisumbua zaidi. Vertigo ilipotoka ilipokewa kwa maoni mchanganyiko na haikuwa miongoni mwa filamu zilizomletea Hitchcock fedha nyingi. Kama mwaka 1958 ungepima bango la Bass kwa tiketi zilizouzwa, ungempa alama ya wastani. Mwaka 2012 wahakiki waliopigiwa kura na jarida la Sight and Sound waliiweka filamu hiyo nafasi ya kwanza duniani, na mwaka 2022 ikashuka hadi ya pili. Bango halikubadilika hata nukta. Mwanafunzi anayewagawia wenzake ishirini fomu ya maoni anapima kitu cha kweli, ila ni kitu kidogo: walichokiona siku hiyo, wakiwa wanajua ni kazi ya rafiki yao. Kama hadhira ni lazima, mimi ningelibandika bango ukutani bila maelezo, nirudi baada ya wiki, niwaulize wapita njia wanakumbuka nini.

Na kwa wale wanaolalamika kwamba kompyuta ya maabara ni kuukuu, wasome habari za ndugu wawili wa Moscow, Vladimir na Georgii Stenberg. Kati ya 1923 na 1933 walitoa mabango karibu 300. Uchapaji wa rangi wa wakati ule haukuweza kutoa picha za kamera vizuri, basi wakajiundia projekta ya kurushia fremu za filamu kwenye karatasi, wakawa wanaweza kuzikuza na kuzipinda, kisha wanachora kwa mkono kila mstari ili ufanane na picha. Bango lao la Man with a Movie Camera ya Dziga Vertov, la mwaka 1929, lina mwanamke aliyepinda kinyumenyume kati ya majengo marefu, viungo vyake vimeachana hewani. Georgii alikufa mwaka 1933 katika ajali ya pikipiki. Bass na Cieślewicz walifariki mwaka mmoja, 1996, mmoja Los Angeles na mwingine Paris.