Opala: Ardhi Iliyoitwa Tupu, Tangu 1885 Hadi Leo

KISANGANI – Mji wa Kisangani unapanuka kila mwaka, na vijiji vya wilaya ya Opala vinazidi kuwa vikubwa. Wakaaji wanauliza watoto wao watajenga wapi na watalima wapi. Serikali nayo inasema jibu ni kupanga maeneo: hapa nyumba, hapa mashamba, hapa msitu usioguswa.

Lakini kupanga ardhi si jambo jipya huku kwetu. Kwa zaidi ya miaka mia moja, kila serikali imekuja na ramani yake. Ramani hizo hazifanani, ila nyingi zilianza na kosa lile lile: kudhani kwamba pori lisilo na nyumba ni pori lisilo na mwenyewe.

Tarehe 1 mwezi wa saba mwaka wa 1885, Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold II ilitoa amri kwamba ardhi zote tupu ni mali ya Dola. Neno "tupu" ndilo lililoleta shida. Mkulima wa msituni hufyeka shamba, huvuna misimu michache, kisha huliacha lipumzike miaka mingi mpaka miti irudi. Baadaye yeye au mtoto wake hulirudia. Mgeni akipita anaona msitu tu, lakini mwenyeji anajua ni shamba la babu yake. Kwa amri hiyo mashamba yaliyopumzika, mahali pa kuwinda na mito ya kuvulia samaki vilihesabiwa kuwa vya Dola. Mwaka wa 1898 iliundwa Compagnie du Lomami, ikachuma mpira katika misitu ya mto huo ambao site ya Opala imejengwa kando yake.

Ubelgiji iliichukua Kongo mwaka wa 1908. Bula Matari akaanza kupasua barabara, na barabara ilihitaji watu wa kuilima na kuisafisha. Katika sehemu nyingi za Kongo vijiji vilivyokuwa vimetawanyika msituni viliamriwa kuhama na kujipanga barabarani, ili kapita ahesabu watu kwa urahisi, kodi ilipwe, na daktari aweze kuwapima ugonjwa wa usingizi. Sheria ya mwaka wa 1917 iliongeza kilimo cha lazima, siku 60 kwa mwaka. Huku kwetu mpunga na pamba ndiyo mazao yaliyosukumwa. Kisha amri ya tarehe 5 mwezi wa 12 mwaka wa 1933 iliunganisha machifu wadogo wadogo katika sekta, na muundo wa sekta ungalipo mpaka leo.

Barabara ilileta pia shule na zahanati, hilo halikanwi. Lakini ilileta jambo jingine ambalo halikuandikwa kwenye ramani. Kijiji kilichohamishwa mara nyingi kilipewa mahali pa kulala kwenye ardhi ya ukoo mwingine, huku mahame yake yenye makaburi na michikichi yakibaki nyuma msituni. Basi kijiji kimoja kikawa na ardhi mbili: ile ya barabarani ambayo serikali inaitambua, na ile ya mahame ambayo wazee wanaitambua. Watu walipokuwa wachache, jambo hilo halikusumbua. Walipoongezeka, likawa chanzo cha ugomvi.

Kulikuwa na wakati ambapo wataalamu walikaribia kulielewa jambo hili. Kituo cha utafiti wa kilimo cha INEAC, kilichoanzishwa mwaka wa 1933, kilikuwa na makao yake Yangambi, katika wilaya jirani ya Isangi. Wataalamu wake walitazama jinsi Waturumbu wanavyolima, wakakubali kwamba kupumzisha udongo si uvivu, ni sehemu ya kilimo chenyewe. Wakabuni mpango wa kukata mashamba kama vichochoro virefu: kipande kimoja kinalimwa, cha pembeni yake kinaachwa msitu, halafu vinabadilishana. Mpango huo wa "paysannat" uliingizwa katika Mpango wa Miaka Kumi wa serikali ya kikoloni, 1949 hadi 1959. Kasoro yake ilikuwa kwamba kila kitu kiliamuliwa na mtaalamu: nani alime kipande gani, apande nini kwanza. Uhuru ulipofika na amri ikakoma, vichochoro vingi viliachwa.

Mjini nako mambo yalipangwa kwa amri. Sheria ya mwaka wa 1931 ilianzisha makao ya Waafrika walioishi nje ya machifu wao. Mitaa ilinyooshwa na viwanja vikapimwa, na mpaka leo avenyu za komini ya Tshopo zinajulikana kwa namba zake. Mtu aliyetaka kuhama kijijini alihitaji kibali. Mwaka wa 1952 watafiti, akiwemo Valdo Pons, walifika Stanleyville, jina la zamani la Kisangani, kuchunguza maisha ya wakaaji. Waliona mji ambao watu wake walikuwa wakizidi kumiminika kutoka vijijini.

Baada ya uhuru wa tarehe 30 mwezi wa sita 1960, vibali viliisha. Kisha zikaja vita: uasi wa Simba mwaka wa 1964, maasi ya askari mwaka wa 1966 na 1967, na vita vya siku sita kati ya Rwanda na Uganda katikati ya mji, mwezi wa sita 2000. Kila vita ilisukuma watu, wengine msituni, wengine mjini. Nyumba zikawa zinatangulia, na mpimaji wa viwanja anafika nyuma.

Kwa upande wa sheria, mwaka wa 1973 ulikuwa mkubwa. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba ilisema ardhi yote ya nchi ni mali ya Serikali, pamoja na ile inayokaliwa na wanakijiji. Kifungu chake cha 389 kiliahidi kwamba haki za wanakijiji zitapangwa kwa amri ya Rais. Miaka mingi ikapita bila amri hiyo kutolewa. Ndani ya pengo hilo chifu anagawa kwa desturi, ofisi inagawa kwa karatasi, na kiwanja kimoja kinapata wenyewe wawili.

Pengo la pili ni hesabu ya watu. Hesabu ya mwisho ya nchi nzima ilifanywa mwaka wa 1984, Kongo ikiwa na watu milioni 30 hivi. Leo makadirio yanapita milioni 100. Mtu aliyezaliwa mwaka ule ana wajukuu, na shule, visima na viwanja bado vinapangwa kwa kukadiria.

Mwaka wa 2007 watafiti walimwona kima, au makako, ambaye sayansi ilikuwa haimjui. Alikuwa amefungwa kwenye nyumba moja ndani ya site ya Opala. Wakaaji walikuwa na jina lake tayari: lesula. Mwaka wa 2016 Hifadhi ya Taifa ya Lomami ikaundwa kati ya Tshopo na Maniema, yenye kilometa za mraba 8,879. Kulinda msitu ni jambo jema, ila lesula alikuwa na jina kabla ya kuingia vitabuni, na msitu wake vilevile.

Ubaya wa ramani isiyouliza wenyeji ulionekana wazi mwaka wa 2023. Katika komini ya Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto ambapo barabara ya Opala inaanzia, ugomvi juu ya ardhi iliyotolewa kwa shamba kubwa uligeuka mapigano kati ya Wambole na Walengola. Watu waliuawa, vijiji vikachomwa, maelfu wakakimbilia mjini. Makabila hayo yalikuwa yameoana na kuuziana chakula kwa vizazi vingi.

Kuna njia ambayo sheria imekwisha kufungua. Amri ya mwaka wa 2014 inaruhusu kijiji kuomba msitu wake, hadi hekta 50,000, bure na bila mwisho wa muda. Sharti mojawapo ni kuchora ramani pamoja na majirani, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Wazee wa vijiji viwili wanatembea mpaka wakiwa pamoja, wanawake wanaonyesha mashamba yaliyopumzika na visima, mahame yanaandikwa kwa majina yake. Ni kazi ya polepole, lakini kila mpaka unaokubaliwa hivyo ni ugomvi mmoja uliopunguzwa.

Mpango wowote mpya wa Tshopo utahitaji mambo mawili kabla ya wino: kuhesabu watu, na kuwauliza mahame yao yako wapi. Wazee wanaoyakumbuka mahame hayo wanazidi kupungua.