Siku Moja Mjini Bruxelles

Zamani wageni walikuja kututazama sisi. Mwezi wa Aprili 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Walitaka kujua neno moja: mto Rusizi, je, unatoka ziwani au unaingia ziwani? Wenyeji wakawaambia kwamba unaingia. Lakini hawakufika kuuona. Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikwenda mpaka mlangoni mwa mto, wakaona kwamba wenyeji walisema kweli. Basi, mgeni mwenye akili huwauliza wenyeji, kisha hutazama kwa macho yake.

Siku hizi watu wetu nao hufika Ulaya: wengine kwa masomo, wengine kwa kazi, wengine kwa kuwatembelea ndugu zao. Akipata siku moja ya nafasi mjini Bruxelles, mji mkuu wa Ubelgiji, mtu wa Uvira atazame nini?

Asubuhi aende kwenye uwanja mkubwa uitwao Grand-Place. Mwezi wa Agosti 1695 askari wa Louis wa 14, mfalme wa Ufaransa, waliupiga mji huo kwa mizinga, nyumba kwa maelfu zikateketea. Mnara wa nyumba ya baraza ya mji, wenye urefu wa mita 96, ulibaki umesimama. Wenyeji hawakukaa kulia tu. Vyama vya mafundi, yaani waokaji mikate, wapika pombe, washona nguo na wengineo, vilijenga upya nyumba zao katika miaka michache. Mabaharia walijenga ya kwao sehemu ya juu kwa mfano wa tezi ya merikebu. Mvuvi wa Kalundu akiiona atacheka kwa furaha, maana ataitambua mara moja.

Kutoka hapo si mbali mpaka kanisa kuu la Mtakatifu Mikaeli na Mtakatifu Gudula. Lilianza kujengwa katika karne ya 13, na kazi ikachukua kama miaka 300. Waliotia mawe ya kwanza walijua hawataiona minara yake, lakini walifanya kazi yao vema.

Adhuhuri apande mpaka Porte de Namur, kwenye mtaa wa Matonge, ulioitwa hivyo kwa jina la mtaa wa Kinshasa. Huko atapata sombe na samaki wakavu, na kusikia lugha za kwetu njiani. Karibu na hapo kuna uwanja uliopewa jina la Patrice Lumumba tarehe 30 Juni 2018. Karibu pia iko sanamu ya mfalme Leopold wa 2 juu ya farasi. Maandishi yake yasema kwamba shaba na bati yake vilitoka Kongo. Asomaye ataelewa kwamba uzuri wa mji huu una deni lake.

Alasiri apande tramu namba 44, ipitayo msituni mpaka Tervuren. Hapo pana jumba kubwa la vitu vya Kongo, lililofunguliwa mwaka 1910. Ndani yake umo mtumbwi uliochongwa katika mti mmoja, wenye urefu wa zaidi ya mita 22. Utazamwe bila haraka, kwa heshima ya mikono iliyouchonga.

Lakini asirudi mjini kabla hajafika kwenye kanisa la Mtakatifu Yohane Mwinjili, hapo hapo Tervuren. Nje ya kanisa yako makaburi saba. Mwaka 1897 Leopold wa 2 alileta Wakongo 267 ili waonyeshwe kwa watu katika maonyesho makubwa. Mchana walikaa katika vijumba kando ya maji, na watu zaidi ya milioni moja walifika kuwatazama. Wengine waliwatupia vitu vya kula, kama watu wafanyavyo kwa wanyama. Mvua na baridi viliwapata, na saba wakafa. Majina yao ni Ekia, Gemba, Kitukwa, Mibange, Mpeia, Sambo na Zao.

Kuzika wafu ni tendo mojawapo la huruma. Tobiti alihatarisha maisha yake kwa ajili yake. Lakini hao saba walizikwa kwanza katika pembe ya aibu ya makaburi, mahali pa wazinzi na waliojiua. Ni mwaka 1953 tu walipohamishwa na kulazwa kando ya kanisa. Na Lumumba, aliyeuawa mwaka 1961, hakuwa na kaburi. Tarehe 20 Juni 2022, hapo Bruxelles, watoto wake walirudishiwa jino lake moja, nalo likazikwa Kinshasa tarehe 30 ya mwezi ule ule.

Basi, ndugu msomaji, ukijaliwa kufika Bruxelles, usidharau minara, wala usiwachukie wenyeji. Watu waliojenga upya mji ulioungua wanastahili sifa. Lakini usitosheke na picha za Grand-Place za kuwaonyesha nduguzo. Fika pia Tervuren, uyataje majina yale saba kwa sauti, uwaombee. Walitazamwa na watu wengi sana, na wachache tu waliwaona kuwa ni watu.