Joto la Samadi na Hukumu ya Twahara

Mwaka 1085 Miladia (478 Hijria), Tulaytula ya Andalus ilipotekwa na Wakristo, bingwa wa kilimo Ibn Bassal alihamia Ishbiliya. Yeye, na baada yake Ibn al-Awwam katika karne ya 12, waliichambua samadi kwa tabia zake: joto, baridi, unyevu na ukavu. Kinyesi cha njiwa walikihesabu kuwa cha moto mno, kisitumiwe ila kwa kiasi; na samadi mbichi iachwe kwanza ikomae.

Leo yajulikana kuwa joto hilo huletwa na vijidudu vinavyoozesha taka. Lundo la uani lenye kimo cha mita 1, likipata maji na hewa, hufika nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi. Likizidi hapo hupinduliwa, kwani hata vijidudu hivyo hufa. Siku kadhaa za joto hilo huua vimelea vingi vya maradhi.

Je, huondoa najisi pia? Wa-Andalus walikuwa Wamaliki. Kwao kinyesi cha mnyama aliwaye ni twahara, basi suala hili halikuwabana sana. Muhammad bin al-Hasan, mwanafunzi wa Abu Hanifa, aliona kitu kikigeuka dhati yake, hukumu nayo hugeuka. Kwetu Mashafii sivyo: samadi ni najisi, na kuoza hakuitwaharishi. Hata hivyo wanazuoni wetu wamejuzisha kurutubishia shamba, pamoja na karaha, na mmea uotao humo ni twahara. Kipimajoto hakina kauli hapa. Anayepindua lundo la samadi ya ng'ombe, hata lililopita nyuzi 60, huosha palipomgusa kwa unyevu kabla ya kuswali.