Mtunzi na Yule Mwingine

Tukisema wimbo fulani ni "wa Gurumo" au "wa Chidumule", tunamaanisha nini hasa? Kiswahili kimetupa neno mtunzi, nalo tumelibebesha kila kitu: maneno, sauti, hata ala. Kwa shairi la kughani neno hilo latosha. Kwa wimbo wa bendi kubwa halitoshi hata kidogo, na historia ya muziki wetu imepungukiwa kwa ajili hiyo.

Tuchukue DDC Mlimani Park Orchestra, bendi iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1978 na ambayo wengi huijua kwa jina la Sikinde, ngoma ya Wazaramo. Waimbaji wake Muhiddin Maalim Gurumo, Hassani Bitchuka na Cosmas Chidumule walikuwa pia watunzi. "Neema" ya Chidumule sisi wa Mashuuru tuliinasa usiku kutoka Redio Tanzania, mawimbi yakija na kupotea. Jina la mwimbaji tulilijua. La Michael Enoch je? Huyu alikuwa mpiga gita wa Dar es Salaam Jazz tangu miaka ya sitini, na katika Sikinde akapuliza saksafoni. Mtunzi alifika mazoezini na beti zake na sauti ya kuzibeba. Magita yaingie wapi, tarumbeta zijibu mstari upi, lini bendi iache usimulizi wa polepole na kuanza kuchemka: hayo yalikuwa kazi ya Enoch na wapigaji wenzake. Marekani, Nelson Riddle alipompangia Frank Sinatra muziki, jina lake liliandikwa kwenye majalada ya sahani. Kwetu, aghalabu, lilibaki la mtunzi peke yake.

Kazi yenyewe ni ya lugha kuliko tunavyodhani. Yupo mzee mmoja hapa Mashuuru aliyepuliza saksafoni na kupanga nyimbo Nairobi miaka ya sabini. Mtunzi aliyefanya naye kazi alipendwa mno na wasikilizaji, lakini mzee ameniomba nisimtaje.

"Profesa," aliniambia, "yule bwana alikuwa na maneno, si mchezo. Lakini ngoma alikuwa haisikii."

Siku moja mtunzi alileta mstari unaoishia kwa barabara. Wasomaji wa safu hii wanajua mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Wanajua pia kuwa neno hili ni mkorofi: ukikaza BA ya mwisho, baraBAra, ni njia, ukikaza RA inayoitangulia, baRAbara, ni sawasawa, kamili. Sauti aliyoileta ilivuta RA. Alikusudia njia aliyoondokea mpenzi, wimbo ukasema mpenzi kaondoka sawasawa!

"Nikamwambia badilisha neno. Akakataa katakata, ati kina kitavunjika. Tulinuniana siku mbili. Yeye kina, mimi pigo."

Hatimaye mzee hakugusa neno wala kina. Aliuchelewesha mstari nusu pigo, BA ikaangukia pale besi na tumba zinapokita pamoja, kisha akaweka saksafoni mbili kuziba pengo lililobaki mwanzoni. Pengo hilo, anasema, ndilo watu walilokuja kulipigia mluzi mitaani. Fedha za wimbo alilipwa mtunzi; yeye alipata ujira wa siku ya kurekodi, basi.

Nilimuuliza tumwite nani mtu wa kazi yake. Nikapendekeza mpangaji, kama wafanyavyo baadhi ya wenzangu vyuoni. Alicheka hadi akakohoa. "Mpangaji ni wa kulipa kodi, Profesa. Mimi nilijenga." Kweli, neno hilo lina mzigo wake. Mpanga ala, pengine? Mpanga muziki? Mimi naelekea la pili, maana hata sauti za waitikiaji huwa mikononi mwake.

Neno lolote tutakalochagua, lihitaji watu wa kuitwa kwalo, na wanapungua. Gurumo alifariki mwaka 2014, Shaaban Dede 2017. Tumeandika kiasi kuhusu mashairi yao. Kuhusu namna yalivyogeuzwa kuwa muziki, karibu hakuna kitu. Mzee nimeanza kumrekodi kwa simu kila Jumamosi. Tumefika wimbo wa tatu, na bado hajakubali nimtaje yule bwana.