Mpunga Uliozoea Chumvi

Katika pwani ya Kerala, kusini-magharibi mwa India, maji ya bahari huingia mashambani kila kiangazi. Mvua za Juni zikishaisuuza chumvi, wakulima hupanda mpunga uitwao Pokkali. Baada ya mavuno, mashamba yaleyale huwa mabwawa ya kamba. Huko Bengali Magharibi wakulima walitunza mbegu nyingine, Nona Bokra. Kwa Kibengali, "nona" ni "yenye chumvi".

Kwa vizazi vingi wakulima hao walihifadhi mbegu za mashina yaliyonusurika, wakazipanda tena msimu uliofuata. Wakati huo hakuna aliyejua neno jeni.

Mwaka 1960 ilianzishwa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga huko Los Baños, Ufilipino. Mwaka 1966 ikatoa IR8, mpunga mfupi wenye mavuno makubwa. Hata hivyo mpunga kwa jumla huihofu chumvi, na watafiti walilazimika kuzirudia mbegu za zamani. Waliipandanisha Pokkali na IR29, mpunga wa kisasa usiohimili chumvi. Wazao wake hawakugawanyika makundi mawili kama njegere za Mendel. Kila mmoja alihimili kwa kiwango chake. Hivyo ndivyo sifa inavyorithiwa kupitia jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Eneo moja lenye mchango mkubwa lilipatikana katika kromosomu ya 1, likaitwa Saltol.

Mwaka 2005 watafiti wa China na wenzao wa Marekani walitangaza jeni yenyewe, SKC1, waliyoipata kwa kupandanisha Nona Bokra na Koshihikari ya Japani. Jeni hiyo hutengeneza protini inayoondoa sodiamu katika maji yanayopanda kutoka mizizini, ili majani yapate kidogo tu.

Masimulizi mengi ya sayansi huanzia maabara. Sisi tunaona historia hii ianzie shambani, maana kama mbegu zile zingetupwa, maabara isingekuwa na cha kutafuta. Wahenga walituonya tusisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha.

Jambo hili linatugusa. Katika delta ya Rufiji pia hulimwa mpunga jirani na mikoko, na chumvi ni adui wa mkulima. Basi, ndugu wasomaji, tukienda nyumbani likizo tuwaulize wazee majina ya mpunga wao na mahali ulipostawi, tuyaandike kabla mbegu hizo hazijapotea.