Sosi ya pilipili kali: Mwonjaji huhisi maumivu, si ladha

Ukali wa pilipili si ladha. Kemikali iitwayo kapsaisini, ambayo hujaa zaidi katika utando mweupe unaoshikilia mbegu, huamsha neva zile zile zinazoujulisha ubongo kwamba kuna joto la kuunguza. Ndiposa mlaji hutokwa jasho na machozi ilhali ulimi wake haujaungua. Mwanasayansi David Julius wa Marekani, aliyetambua mlango wa hisia hiyo mwaka wa 1997, alikuwa mmoja wa washindi wawili wa Tuzo ya Nobel ya tiba mnamo 2021.

Kipimo cha ukali kina jina la mfamasia Wilbur Scoville. Mnamo 1912 alizimua pilipili kwa maji ya sukari hadi waonjaji wake wasihisi mwasho tena. Leo kazi hiyo hufanywa na mitambo, kwani ulimi huchoka upesi. Pilipili aina ya Pepper X, iliyovunja rekodi ya dunia mwaka wa 2023, ilifikisha wastani wa 2,693,000.

Sosi yenyewe huwa na ukali mdogo kuliko tunda, kwa kuwa siki na mboga huuzimua. Zinazotiwa kapsaisini iliyokamuliwa ni shari tupu. Hizo hutiwa tone moja katika sufuria nzima.

Anayeonja aanze na tone kwenye ncha ya kijiko, kisha asubiri, maana mwasho huchelewa kupanda. Maji hayamsaidii, kwani kapsaisini haiyeyuki vyema majini. Maziwa ndiyo huiondoa ulimini. Mwenye pumu heri ajiepushe, na mikono inawe kwa sabuni kabla ya kugusa macho.